Ubungo baada ya barabara za juu: foleni imehamia wapi?

Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua miradi miwili ndani ya siku moja, yote ikiwa kwenye Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam: barabara za juu za Ubungo, na stendi kuu ya mabasi ya mikoani pale Mbezi Louis. Mradi wa kwanza ndio uliobaki midomoni mwa watu, kwa sababu zege la tabaka tatu huonekana kutoka mbali na hupendeza likipigwa picha kutoka angani, ilhali stendi iliyohama haiachi nyuma yake kitu cha kupigwa picha. Mimi ni mkazi wa Kimara, na kwa miaka mingi nimepita Ubungo nikielekea kazini upande wa Mwenge. Kwa niliyoyaona, kuhama kwa stendi kuliipa Ubungo nafuu kubwa kuliko tunavyohesabu, na hesabu hiyo isipowekwa sawa tutajenga madaraja mengine ya mabilioni huku tukiacha bila kuguswa kile kilicholeta foleni.

Anayetaka kuielewa Ubungo aanze na ramani ya jiji. Dar es Salaam imekua kwa kufuata barabara kuu nne zinazotoka katikati ya mji kama vidole vya mkono uliokunjuliwa: Bagamoyo upande wa kaskazini, Morogoro magharibi, Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu, kusini-magharibi, na Kilwa kusini. Mtu anayetaka kutoka kidole kimoja kwenda kingine bila kuingia mjini ana njia chache, na iliyo kubwa kuliko zote ni Mandela, iliyojengwa ili magari ya mizigo yafike bandarini, pamoja na Sam Nujoma inayoipokea pale Ubungo na kwenda kuishia Mwenge. Pote ambapo njia hiyo inayozunguka mji hukatana na kidole au barabara nyingine kubwa pana foleni ya siku nyingi: Mwenge, Ubungo, Buguruni, Tazara, Uhasibu. Lakini Ubungo ilikuwa na mzigo wa ziada, kwa kuwa Barabara ya Morogoro ndiyo lango la nchi. Mabasi ya Arusha, Dodoma, Mwanza na Mbeya yalipita hapo, malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo, na sisi tunaolala Kimara, Mbezi na Kibamba na kufanya kazi mjini hupita hapo pia, saa zile zile.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu wakazi wapatao milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2012 ilihesabu milioni 4.36, na ile ya 2022 ikafikia milioni 5.38. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikwenda pembezoni, kwenye viwanja ambavyo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kununua na kujenga kidogo kidogo, na upande wa magharibi viwanja hivyo vilifuata Barabara ya Morogoro hadi vikakutana na Kibaha. Kazi, shule kubwa, hospitali kubwa na soko la Kariakoo vikabaki vilipokuwa. Kwa hiyo kila nyumba iliyoezekwa Mbezi iliongeza angalau safari moja ya asubuhi na moja ya jioni kupitia makutano ambayo yalikuwa bado na mataa yale yale, kwenye usawa mmoja wa lami.

Sasa tuangalie kwa nini mataa hayakuweza. Njia moja ya magari, taa ikiwa kijani bila kukoma, hupitisha takriban magari madogo 1,800 kwa saa. Makutano yenye pande nne, kila upande ukipewa zamu yake, huigawa saa hiyo mara nne, na kabla ya kugawa hupoteza sekunde kadhaa katika kila zamu, maana dereva wa kwanza huchelewa kuondoka na wa mwisho hupita akiburuza. Chukua mzunguko wa sekunde 120: ukitoa sekunde 4 zinazopotea kwa kila zamu, kila upande unabaki na sekunde 26 za kijani chenye faida, na njia iliyokuwa na uwezo wa magari 1,800 inapitisha chini kidogo ya 400. Hapo tunazungumzia magari madogo yenye madereva walio macho. Lori la makontena lenye mzigo wa tani 30 huchukua nafasi ya magari mawili au matatu, na kuinuka kwake kutoka kusimama ni kazi ambayo kila aliyewahi kukaa nyuma yake anaijua.

Dar es Salaam tulizoea kuitatua hesabu hiyo kwa askari wa usalama barabarani, ambaye saa za asubuhi huyaacha mataa yawake yanavyotaka na kuyaongoza magari kwa mkono. Watu wengi humlaumu trafiki, na mimi nadhani wanamwonea, kwa sababu anafanya jambo lenye mantiki: akiruhusu upande mmoja kwa muda mrefu, sekunde zinazopotea wakati wa kubadilisha zamu hupungua, na magari mengi zaidi hupita kwa saa. Tatizo liko nyuma yake, mahali asipopaona. Kila upande ukipewa dakika 5, pande nyingine hukaa dakika 15 zikisubiri. Kama upande unaosubiri unapokea magari 600 kwa saa katika kila njia, dakika hizo 15 zinakusanya magari 150, na kwa kuwa gari lililosimama kwenye foleni huchukua takriban mita 7, mkia wake umeshapita kilomita moja. Kilomita moja kutoka Ubungo upande wowote unakuta makutano mengine, na mkia huo ukiyaziba, hata wale wasiokwenda Ubungo kabisa wanashikwa. Ndivyo makutano mamoja yalivyoweza kuifunga Sinza, Manzese na Tabata kwa wakati mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni la kulia na kushoto. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, kukata kushoto ni rahisi, unachungulia na kuingia. Kukata kulia ndiko kunakogombana na kila mtu. Lori linalotoka bandarini kwa Mandela likielekea Zambia hukata kushoto pale Ubungo na kuondoka. Lori hilo hilo likirudi na shaba, likitokea Kimara, lazima likate kulia kuingia Mandela, na hapo linavuka mbele ya magari yote yanayotoka mjini. Daladala inayotoka Mwenge kwenda Kimara hukata kulia. Anayetoka Tabata kwenda Manzese hukata kulia. Anayetoka Manzese kwenda Chuo Kikuu hukata kulia. Ukiyajumlisha, makutano ya Ubungo yalikuwa ni mahali pa kukatia kulia, na katikati ya hayo yote yakapita mabasi yaendayo haraka, ambayo tangu Mei 2016 yana njia zake kati ya Kimara na Kivukoni.

Halafu palikuwa na stendi. Kituo cha mabasi cha Ubungo kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mataa, na mabasi ya mikoani wakati huo hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo karibu yote yalitaka kuondoka saa kumi na mbili alfajiri ili yafike kabla ya giza. Fikiria maana yake kwa barabara. Kabla jua halijachomoza, teksi, bajaji na magari ya ndugu wanaosindikiza wageni yalikuwa yameshajipanga hadi kwenye lami. Wapiga debe walikuwa katikati ya njia wakigombania mizigo ya watu. Mama mwenye mtoto mgongoni na sanduku kichwani alikuwa anavuka pale alipoweza kuvuka. Na mabasi makubwa, moja baada ya jingine, yalikuwa yanatoka getini na kujipenyeza kwenye foleni ambayo tayari ilikuwa imeanza kujengeka kutoka Kimara. Jioni mambo yalikuwa yale yale kwa kinyume. Mtu aliyetoka Mwanza au Bukoba, mchovu, alishushwa mahali penye msongamano mkubwa kuliko pote nchini, katika saa mbaya kuliko zote.

Hayo yote yalipohamishiwa Mbezi Louis, yaliondoka bila nondo wala zege pale Ubungo. Wapo waliolalamika, na walikuwa na haki: kutoka Kigamboni hadi Mbezi kupanda basi la Tanga ni safari kamili kabla ya safari, na nauli ya bodaboda alfajiri huwa inakaribia nusu ya nauli ya basi lenyewe. Gharama ile haikufutika, ilihamishwa kutoka kwenye foleni ya wote hadi kwenye mfuko wa abiria wa mikoani. Lakini kwa makutano yenyewe ilikuwa tiba ya kweli, kwa sababu iliondoa safari ambazo hazikuwa na sababu ya kukutana hapo na zile za watu wa kazini.

Kuhusu ujenzi wenyewe sitachukua muda mrefu, maana umeandikwa sana. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 20 Machi 2017, Rais Magufuli akiwa pamoja na Jim Yong Kim, aliyekuwa Rais wa Benki ya Dunia, ambayo ndiyo iliyotoa mkopo. Mkandarasi alikuwa kampuni ya CCECC ya China, na gharama ilizidi shilingi bilioni 200. Kwa takriban miaka minne tulipita kwenye michepuko iliyobadilika bila taarifa, vumbi kiangazi na matope masika, na bado nashangaa jinsi walivyoweza kusimamisha nguzo zile bila kuifunga Barabara ya Morogoro. Mradi ukapewa jina la Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, aliyefariki dunia wiki moja tu kabla ya uzinduzi.

Nitaje pia bei iliyolipwa na watu ambao majina yao hayako kwenye kibao chochote. Mwaka 2017 bomoabomoa ilipita Kimara hadi Kiluvya kwa ajili ya kupanua barabara ya njia nane kwenda Kibaha, na hifadhi iliyodaiwa ilikuwa zaidi ya mita 120 kutoka katikati ya barabara kila upande. Kwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa na umeme, maji na risiti za kodi ya majengo, alama nyekundu ya X ukutani ilikuwa habari ngumu kuiamini. Sheria haikubagua ofisi za serikali: Novemba mwaka huo Rais aliagiza hata sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo na jengo la Wizara ya Maji, yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yabomolewe. Jambo hilo liliwafurahisha wengi mtaani kwetu, ingawa halikumjengea mtu chumba kingine.

Sasa, barabara za juu zinafanya nini hasa? Zinawatenganisha wanaonyoosha. Anayetoka Kimara kwenda Manzese hamkuti tena anayetoka Mandela kwenda Mwenge, kwa kuwa kila mmoja ana usawa wake. Hilo si jambo dogo: mikondo miwili mikubwa kuliko yote, ya wakazi na ya mizigo, iliyokuwa ikigawana saa moja, sasa kila mmoja una saa yake nzima. Ndiyo maana miezi ya kwanza baada ya uzinduzi watu walifika kazini wakiwa na muda wa kunywa chai, na majirani zangu wengine wakaanza kuamka kwa kuchelewa, jambo ambalo Kimara lilikuwa halijasikika kwa muda mrefu.

Wanaopinda, hata hivyo, bado hushuka chini, na chini bado kuna mataa. Siku moja nilikaa kwenye kibanda cha chai kando ya Mandela, eneo la External, nikimsubiri fundi, na kwenye benchi palikuwa na dereva wa semitrela aliyeegesha akisubiri simu ya kuingia bandarini. Nilimuuliza kama daraja limemsaidia. Akacheka. “Mzee wangu, daraja ni la wanaonyoosha,” akasema. “Sisi wa kukata kulia bado tuna mataa yetu, na trafiki wetu.” Utingo wake akaongeza kwamba afadhali sasa, zamani walikuwa wanalala Kimara ili wapite usiku. Nimeikumbuka kauli ya dereva yule kila ninapoona mchoro wa mradi mpya wa barabara ya juu, kwa sababu mishale minene kwenye michoro hiyo huwa ni ya kunyooka, na ile ya kukata kulia huchorwa myembamba kana kwamba watu wanaopinda ni wachache.

Tazara ilikuwa imeshatufundisha hilo. Barabara ya juu ya pale, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa tarehe 27 Septemba 2018, ikapewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara nchini. Inaipitisha Barabara ya Nyerere juu, ikaacha Mandela chini na mataa yake. Anayetoka uwanja wa ndege anapaa na kushuka upande wa pili bila kusimama, na kwake Tazara si tatizo tena. Anayetoka Buguruni kwenda Uhasibu anaisubiri taa, ingawa kwa muda mfupi kuliko zamani. Nafuu ni ya kweli kwa wote wawili, lakini haikugawanywa sawa, na aliyepata kidogo ni yule anayebeba mzigo wa bandari.

Ubungo ilipofunguka, foleni haikuyeyuka. Asubuhi ilisogea mbele kuelekea mjini, kwenye mataa ya Shekilango na kisha Magomeni, kwa kuwa magari yaliyokuwa yakichujwa kidogo kidogo na Ubungo sasa yanafika yote kwa pamoja kwenye barabara ambayo huko mbele haikuongezwa njia hata moja. Kwenye Mandela ilisogea hadi Buguruni. Kwenye Sam Nujoma ilijazana Mwenge, mahali ambapo jioni unaweza kuona daladala zikitanua pembeni ya barabara na bajaji zikichomekea katikati ya magari, kila mmoja akijaribu kuiba mita mbili. Sisemi haya kwa kuubeza mradi. Makutano hupitisha tu kile ambacho yale yanayofuata yanaweza kupokea, na kabla ya kuupongeza mradi wa namna hii ni vizuri kusimama kwenye taa inayofuata.

Kuna siku ambazo hata taa inayofuata haina maana. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi hufurika Jangwani, polisi huifunga Barabara ya Morogoro pale bondeni, na magari yote ya kwenda Kariakoo na Posta hutafuta njia nyingine. Siku kama hiyo tabaka tatu za Ubungo hukusaidia kufika haraka zaidi mahali ambapo huwezi kupita. Daraja jipya la Jangwani kwa mtazamo wangu lilistahili kutangulia, au angalau kwenda sambamba, lakini bonde lenye matope halivutii wageni wa uzinduzi kama linavyovuta daraja la ghorofa.

Kwa watembea kwa miguu hadithi ni ngumu zaidi kuisimulia. Ukishuka daladala upande wa Sam Nujoma na unataka kwenda upande wa Mandela, njia yako haijanyooka kama ya gari lililo juu yako. Unavuka kipande, unasimama kwenye kisiwa cha zege pamoja na wengine, mtu wa karanga, mwanafunzi mwenye begi, bodaboda ambaye hapaswi kuwa hapo, kisha unatazama kulia, unavuka kipande kingine, unasimama tena. Magari yanayopinda yana haraka, kwa sababu yameshushwa kutoka kwenye kasi ya juu na macho ya dereva yanatafuta nafasi kwenye foleni, hayatafuti mtu. Kizee mmoja niliyevuka naye alinishika mkono bila kuniomba na kuuachia tulipofika ng'ambo, akaenda zake. Nairobi waliyaona haya mapema, pale Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 ikiwa na njia nane na makutano ya ghorofa: magari yalikimbia, na watu waliokuwa wamezoea kuvuka chini walikuta kivuko cha juu kiko mbali na kituo wanachoshukia, wakaendelea kuvuka chini, na wengine hawakufika ng'ambo. Kivuko kinatakiwa kiwe pale ambapo watu wanashukia, si pale ambapo mchoro una nafasi.

Nirudi kwenye stendi, ambako ndiko nilikotaka kufika. Eneo lililoachwa wazi na mabasi ya mikoani halikubaki wazi. Limejengwa kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji, kazi ya wawekezaji kutoka China, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa Agosti 2025. Sina ugomvi na biashara, na najua wapo watakaopata ajira hapo. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufika Kariakoo siku ya Ijumaa anajua duka la jumla linaleta nini barabarani: fuso la kushusha, fuso la kupakia, guta, bajaji yenye marobota hadi juu ya paa, na mteja wa Songea aliyekuja na pikapu yake. Zidisha kwa 2,000, halafu uyaweke yote kwenye kona ile ile ambako tuliondoa mabasi kwa gharama ya kumsumbua abiria wa mikoani. Na magari hayo hayanyooshi. Yanapinda, yanaingia, yanatoka, yanarudi nyuma, yaani yanafanya kila kitu ambacho barabara za juu hazikujengwa kukibeba.

Ajabu ni kwamba kwa tofauti ya siku moja au mbili tulifanya jambo sahihi kabisa la kinyume chake. Mwishoni mwa Julai 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ili makontena yatoke bandarini kwa reli na malori ya nchi jirani yakayachukulie huko, nje ya jiji. Kontena moja linalokwenda Kwala kwa treni ni lori moja ambalo halikanyagi Mandela, halikati kushoto Ubungo kwenda, wala halikati kulia kurudi. Kwa foleni ya Ubungo, mpango huo ukisimamiwa vizuri una thamani ya daraja jingine, tena bila bomoabomoa mjini. Kwa hiyo mkono mmoja unaondoa malori na mwingine unaleta mafuso, na sijui kama mikono hiyo ilishawahi kukaa meza moja.

Wapo watakaosema kwamba hata bila maduka hayo magari yangejaa tu. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti wao wa miji ya Marekani, wakaonyesha kwamba urefu wa njia za barabara kuu ukiongezeka, kilomita zinazoendeshwa na magari huongezeka karibu kwa kiwango kile kile, na nafasi iliyopatikana hujazwa. Kwetu unaweza kuona chanzo chake bila kuwa mtafiti: barabara ya njia nane ilipofika Kibaha, matangazo ya viwanja yakaanza kutaja dakika za kufika mjini, na aliyekuwa amekata tamaa ya kununua gari akaona sasa lina maana. Hata hivyo sikubaliani na wanaotumia utafiti huo kusema tusijenge kitu. Jiji la watu milioni tano lenye bandari ya nchi kadhaa haliwezi kuendelea kukatiza mizigo yake kwenye mataa ya usawa mmoja. Utafiti unachonifundisha ni kwamba nafasi iliyopatikana itajazwa na kitu, na sisi ndio tuna uwezo wa kuchagua kitu hicho kiwe nini. Ikijazwa na mabasi ya mwendokasi ya kutosha, basi bilioni 200 zimebeba watu wengi. Ikijazwa na gari moja lenye mtu mmoja, au na fuso linalorudi nyuma getini, zimebeba wachache.

Na mabasi hayo ndiyo kilio chetu sisi wa Kimara. Njia zao zipo, zimenyooka, hazina foleni, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi kituo kimejaa watu wanaosubiri basi ambalo likifika tayari limejaa. Mtu akikosa nafasi mara kwa mara, anakopa, ananunua gari dogo lililotumika, anajiunga na foleni ya Shekilango. Kila basi ambalo halipo barabarani lina sehemu yake katika foleni ile, na gharama ya kuliongeza ni ndogo mno ukiilinganisha na ya daraja.

Kwa makutano yanayofuata, Mwenge ikiwa ya kwanza kwa maoni yangu, ningetaka mambo machache yafanyike kabla mkandarasi hajaleta kijiko. Hesabu ya magari itolewe hadharani kwa kila upande na kwa kila mwelekeo, ili tuone wanaokata kulia ni wangapi na wanatoka wapi, na daraja lifuate mkondo mzito hata kama hauko kwenye barabara yenye jina kubwa. Ardhi inayozunguka makutano, mita mia kadhaa kila upande, iwekewe masharti ya matumizi kabla zege halijamwagwa, na mwenye kutaka kujenga soko hapo aonyeshe mafuso yake yataingilia wapi na saa ngapi. Mataa ya chini yaunganishwe na yale yanayofuata ili askari asilazimike kubahatisha kwa mkono jambo ambalo halioni. Kwa Ubungo yenyewe, ambako maduka yameshajengwa, limebaki jambo moja linalowezekana mwezi huu bila mkopo wa mtu: kupakia na kushusha mizigo kufanyike kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na amri hiyo iandikwe kwenye mikataba ya wapangaji kabla hawajazoea vinginevyo.